Kabla ya Saa Sita, Kontena Liitike

"Kosa ni la mashine yako," nilimwambia Msumari kwenye simu.

"Mashine yangu inabeba huduma za watu kumi na wanne, bwana mkubwa. Huduma yako tu ndiyo bubu."

Msumari ni fundi wa upande wa pili wa mji. Yeye na wenzake wameunganisha kompyuta zao ziwe mtandao mmoja usio na mkubwa. Moja ikizimika, nyingine zinaendelea. Mimi niliandika ukurasa unaoonyesha hospitali ipi ina damu ya kundi gani, nikaufunga ndani ya kontena, yaani kifurushi chenye kila kitu programu inachohitaji, ili ufanye kazi kwenye kompyuta yoyote. Kwenye mashine ya Msumari nafasi ilibaki moja. Kontena langu lisipoitika likiitwa kutoka nje kufikia saa sita mchana, anapewa mwingine. Ilikuwa saa tano na nusu.

Aliyeuomba ukurasa huo ni shangazi yangu, mkunga. Alikuwa ameketi kitandani kwangu na sare yake, akingoja zamu. Wiki iliyopita alizipigia simu hospitali tisa akitafuta chupa moja ya damu, huku mzazi akilegea kwa kutokwa damu.

"Kwangu ukurasa unafunguka!" nikafoka.

"Mwanangu, wewe ukijikwaa unalitukana jiwe," shangazi akasema. "Hebu nisomee ulichoandika."

"Hutaelewa."

"Kwani wewe umeelewa?"

Msumari akacheka hadi akapaliwa. Nikaanza kusoma kwa mbwembwe, kama ninayeghani. "Hapa huduma inafungua mlango. Hapa inasikiliza wito kutoka..." Nikausoma tena mstari ule kwa macho.

"Kutoka wapi?"

"Ndani ya kontena lenyewe."

"Na mgeni akibisha nje?"

"Haisikii."

Anwani ile ya kusikilizia niliiweka siku ya kwanza, kabla ya kontena, nikijaribia kwenye kompyuta yangu. Baada ya hapo sikujaribu tena. Nilijiamini.

Nikaisogelea simu. "Msumari, kosa ni langu. Mashine yako ni nzima."

"Rudia, nirekodi."

"Rekodi. Kosa ni langu."

Nikabadilisha anwani ili huduma isikilize pande zote, nikalifunga kontena upya, nikalituma. Likapanda polepole kama konokono. Saa sita kasoro dakika nne, Msumari akasema, "Limeitika."

Shangazi hakunipongeza. Alishaufungua ukurasa kwenye simu yake, kidole kikishuka na orodha.

"Kundi O, chupa tatu, hapo tu barabara ya pili," akasema akivaa viatu. "Ongeza nambari za simu za hospitali. Nikitoka zamu nizikute."

Mlango ukajifunga nyuma yake. Nikavuta kiti.