Kelele za Mama Mercy

Kihesa nzima ilimjua Ikupa kwa kelele zake. Si kelele za ugomvi, hata kidogo. Nyumbani alikuwa mpole mpaka kuku wa jirani walimzoea vibaya. Lakini mpeleke uwanjani uone! Sekondari ya Mwangilo ikicheza, iwe mpira wa miguu wa wavulana au kikapu cha wasichana, iwe hapo Iringa mjini au kule Mafinga, Ikupa yuko pembeni ya mstari, kanga kiunoni, sauti mbele. Mwaka juzi refa mmoja alisimamisha mchezo akamwendea kwa adabu zote. "Mama, naomba filimbi niipulize mwenyewe." Ikupa akamjibu, "Ipulize basi, mwanangu, mbona unachelewa?"

Yote yalianza kwa sababu ya binti yake, Mercy. Alipokuwa Kidato cha Kwanza aliitwa kwenye timu ya kikapu, akasahau sweta nyumbani, mama mtu akalipeleka. Alipofika alikuta mchezo umepamba moto, akasahau hilo sweta mkononi mpaka filimbi ya mwisho. Tangu siku ile hakukosa mechi hata moja. Mvua ikinyesha, yupo. Akiwa na malaria, yupo, kajifunika blanketi na anafoka vilevile. Sasa Mercy alikuwa Kidato cha Nne, na baada ya Julai watoto wa mtihani hawaruhusiwi kugusa mpira. Ilibaki mechi moja tu, ya mwisho kabisa, na Ikupa aliapa kwamba hiyo ataiona kuanzia mwanzo hadi mwisho hata kama anga litaanguka.

Tatizo likawa moja. Mechi yenyewe ilikuwa Mbeya, kwenye bonanza la shule za sekondari, dhidi ya watani wao wa jadi, Sekondari ya Lwambi, tena kwenye uwanja wa hao hao Lwambi. Na jirani kabisa na Lwambi alikaa Mzee Jailos Mwakalinga, baba mkwe wake.

Hapa lazima nieleze, maana asiyejua atadhani walikosana. Ikupa ni Mnyakyusa, kaolewa na Mnyakyusa mwenzake, Amos, fundi umeme. Kwa mila yao mwanamke haonani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, hakai naye chumba kimoja. Hata njiani akimwona anakuja, anakata kona na kujificha mpaka apite. Si chuki, ni heshima, tena heshima ya juu kabisa. Siku hizi wengi wameiacha, na wapo wanaokula meza moja na wakwe zao huku wanaangalia taarifa ya habari. Kwa ukoo wa Mwakalinga? Thubutu!

Kwa miaka kumi na tisa Ikupa alimpikia mzee kila alipokuja Kihesa, na sura yake aliijua kwenye picha tu. Chakula kilipelekwa na watoto, na sifa zilirudi kwa njia hiyo hiyo: "Babu anasema ndizi leo zimemkumbusha mama yake." Ikupa alizoea kusimama jikoni na kusikiliza kikohozi chake, na viatu vyake vizito vikitoka kwenda uani, na alimpenda mzee yule kwa namna ambayo hata kuieleza hakuweza. Tangu mama mkwe afariki, huruma ilikuwa imezidi.

Na mzee mwenyewe, loo, uwanjani alikuwa balaa. Tangu astaafu kazi ya reli, kila Jumamosi alikuwa Lwambi. Wanafunzi walimbandika jina la Mzee Refa, kwa kuwa kila uamuzi uliotolewa, yeye alikuwa na wake tofauti. Alikuwa na kiti chake cha plastiki, kilichotunzwa ofisini kwa mwalimu wa michezo, na ole wake mwanafunzi atakayekikalia.

Ikupa alipiga hesabu zake. Mzee ni mtu wa mpira wa miguu. Kikapu alikiita mchezo wa kurusha maboga dirishani. Ratiba ilisema miguu asubuhi, kikapu saa tisa alasiri. Basi asubuhi yeye angejifungia bwenini walikofikia, mzee aangalie mpira wake, aende zake nyumbani akale na kulala, kisha Ikupa atoke na kelele zake. Kitu kimesahaulika hapo? Hakikusahaulika kitu. Hivyo ndivyo alivyomwambia Matilda, jirani yake wa Kihesa, msusi wa nywele, Mhehe asiyejua kunong'ona, ambaye aliandamana naye kwenye Costa, basi dogo la wazazi.

"Ninyi Wanyakyusa mna kazi," Matilda alisema walipopita Makambako. "Mimi baba mkwe wangu namtuma chumvi dukani."

"Ndiyo maana hana nyama mwilini," Ikupa akamrudishia, na Costa nzima ikacheka.

Siku ya mechi mambo yalienda kama yalivyopangwa. Asubuhi wavulana wa Lwambi waliwafunga Mwangilo mawili kwa moja. Ikupa, bwenini, alisikia sauti nzito ikimfokea refa kutoka ng'ambo ya uwanja, akajua baba mkwe ni mzima wa afya, akamshukuru Mungu. Saa nane na nusu Mercy alikuja kuvuta mkono wa mama yake, kavaa jezi yake ya njano, miguu haitulii.

"Mama, leo upige kelele mpaka nikuonee aibu."

"Leo utanikana kabisa," Ikupa alisema.

Wakatoka. Walipolikaribia jiko la shule, pale unapopinda kona na kuuona uwanja wa kikapu, Ikupa aliganda. Pembeni ya mstari, mbele ya kila mtu, kilikuwapo kiti cha plastiki. Juu yake mzee mmoja mrefu kavaa koti na kofia ya pama, mikono kaiweka juu ya magoti. Akakohoa. Ah! Kikohozi kile asingekikosea hata usingizini.

"Babu kabaki!" Mercy alisema kwa furaha. "Kanikuta asubuhi, nikamwambia na mimi nacheza." Halafu akaiona sura ya mama yake, na furaha ikamtoka.

"Nenda ucheze," Ikupa alimwambia. "Nitakuangalia kutoka hapa."

Akabaki nyuma ya ukuta wa jiko, kati ya rundo la kuni na sufuria la maharage, akichungulia kwa jicho moja. Moshi ulimchoma, upepo wa Julai wa Mbeya ukampenya mpaka mifupani, na kikapu kimoja ndicho alichokiona. Kingine kilifichwa na tangi la maji. Wapishi walimwachia nafasi bila kumuuliza. Ikupa aliuma ncha ya kanga ili asipige kelele. Mdomo ule, jamani, ambao haujawahi kunyamaza uwanjani kwa miaka minne!

Na Mercy alicheza ovyo. Kila akipata mpira aligeuka kutazama upande wa jiko. Alinyang'anywa mara mbili mfululizo, akarusha ukapita juu ya ubao, watoto wa Lwambi wakamzomea kwa wimbo. Ilipofika mapumziko Lwambi walikuwa na ishirini na saba, Mwangilo kumi na tano. Mwalimu Bujiku, kocha wao, Msukuma aliyekulia Usangu ambaye hukasirika kwa upole, alimfuata Matilda.

"Mama Mercy yuko wapi? Mbona leo kimya? Watoto wanacheza kama wako msibani."

Matilda akamweleza. Mwalimu akashika kichwa. "Sasa tufanyeje?"

"Subiri," Matilda alisema, na Ikupa, kutoka kwenye kuni zake, aliona kitu kilichomkata maini. Alimwona Matilda akikatisha uwanja, anakwenda moja kwa moja kwenye kile kiti. Anapiga goti, anasalimia. Anaongea. Kisha, Mungu wangu, ananyoosha kidole upande wa jiko!

Ikupa alirudi nyuma ya ukuta, mashavu yakimwaka. Leo ndiyo leo, aliwaza. Nimemwaibisha mzee wa watu mbele ya shule nzima. Alipothubutu kuchungulia tena, mzee alikuwa amesimama na ameshika kiti chake mkononi. Anaondoka. Ikupa alihisi machozi yakimpanda. Kumfukuza babu kwenye mechi ya mjukuu wake, ili yeye apate kupiga kelele? Hapana. Angemtuma mtoto akamrudishe. Yeye angebaki na moshi wake.

Lakini mzee hakuondoka. Alisogea mbali na mstari kuelekea madarasani, akakigeuza kiti, akakikita chini kwa nguvu, akakaa akiwa ameupa uwanja mgongo. Mbele yake hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta wa darasa na mlima. Akaishusha kofia mpaka kwenye nyusi.

"Mzee Refa kasusa!" wanafunzi walishangilia. "Mzee, mechi iko huku!"

"Mechi naijua iliko!" mzee aliunguruma. "Tulieni na mpira wenu."

Matilda alirudi jikoni akikimbia, anahema. "Anasema uje. Anasema, mwambie mkwe wangu mtoto anamhitaji. Mimi nitaangalia mlima."

Ikupa alilia pale pale, mbele ya maharage ya watu. Alilia kwa furaha na kwa aibu, vyote kwa pamoja, akajifuta kwa kanga, akaifunga kiunoni, akatoka. Alisimama hatua kumi nyuma ya mgongo wa baba mkwe wake, akavuta pumzi.

"MERCYYY! Inua kichwa, mwanangu! Mama yuko hapa!"

Kunguru waliruka kutoka kwenye paa la darasa. Mercy aligeuka, akacheka meno yote nje, na kuanzia hapo huyo hakuwa mtoto yule wa mwanzo. Alikata katikati ya wasichana wawili, akatupia. Mbili. Akapora mpira, akampa mwenzake. Mbili tena. Ikupa alikuwa anaruka, anafoka, anawapangia, anamkumbusha refa wajibu wake. Mwalimu Bujiku alikaa chini kwa mara ya kwanza siku ile.

Ilikuwa robo ya nne Ikupa alipouangalia ule mgongo. Mzee alikuwa ameshika kiti pande zote mbili kama mtu anayeogopa kuanguka. Kila watu walipopiga yowe shingo yake ilianza kugeuka, na kila mara aliirudisha. Mguu mmoja ulikuwa unapiga chini, haraka haraka. Mtu huyu, ambaye hajawahi kukosa kuona goli Lwambi, alikuwa anaumia pale kwenye kiti, na hakuna aliyemwambia kinachoendelea.

Basi Ikupa akabadilisha kelele zake. Kwa nje alikuwa anamwambia Mercy, anamwambia upepo, yeyote anayetaka kusikia.

"Mercy anao! Anaudunda kwa kushoto, anamtazama mrefu wa Lwambi, anampita! Kazuiwa! Anampa Kalista, Kalista anarudisha, Mercy tena, anainuka... mbili! Thelathini na nane kwa arobaini na moja, Lwambi wanaongoza!"

Mguu wa mzee ukatulia. Kichwa chake kikainama upande mmoja, sikio likaelekea kwake.

"Lwambi wanakuja. Yule mwenye misuko myekundu kateleza! Refa kanyamaza, na kweli si kosa, kateleza mwenyewe!"

"Si kosa," mzee alikubaliana na mlima.

Watu walianza kumsikiliza Ikupa kuliko kuangalia mchezo. Wanafunzi wa Lwambi, waliokuwa wanamzomea, wakawa wanasogea karibu, wanacheka, wanashangilia kila akitaja jina la mchezaji wao, maana na wao aliwatangaza kwa haki. Arobaini kwa arobaini na moja. Sekunde zinaisha. Mwalimu Bujiku anauma kofia yake.

"Mercy anao," Ikupa alisema, na sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. "Wako wawili mbele yake. Anarudi nyuma. Jamani, yuko mbali! Anaruka, anaachia..."

Akanyamaza. Sauti ilimkauka yenyewe. Mpira ulipanda juu, ukagonga chuma, ukaruka, ukagonga tena, ukawa unazunguka mdomo wa kikapu kana kwamba umesahau njia. Ikupa alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha uwanja mzima ukalipuka, Mwangilo na Lwambi kwa pamoja, mayowe, filimbi, watoto wakikimbilia katikati, na katika kelele zile hakuna aliyeweza kujua nani kalia na nani kacheka.

Mzee aliinuka kwenye kiti chake, uso bado mlimani.

"Mkwe!" aliita. "Mkwe wangu, sema! Imeingia?"

Waliokuwa karibu waligeuka kumtazama. Matilda aliziba mdomo. Miaka kumi na tisa, na neno la kwanza lilikuwa hilo. Ikupa alijaribu kuongea, ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena.

"Imeingia, baba," alisema. "Imeingia! Tumeshinda!"

Mzee alirusha kofia yake juu. Hakugeuka. Alicheza pale pale, mgongo kwa watu, akinyanyua magoti kama kijana, na wanafunzi wa Lwambi wakamzunguka wakimuuliza tangu lini kahamia Iringa. Mercy alikuja mbio, kaloa jasho, akasimama katikati ya babu yake na mama yake, hajui amkumbatie nani kwanza.

"Mkwe," mzee alisema tena, taratibu sasa, huku anakaa. "Rudia. Anzia pale alipoupata."

Ikupa akasogea hatua tatu karibu, akaketi chini kwenye majani nyuma ya kile kiti, akarudia yote.