Foleni ya Molekuli Ukumbini Kaloleni

"Shikaneni mikono!" Dedan alisema kwa mara ya tatu, na molekuli mbili za nyuma zikaendelea kumkodolea macho.

Mambo yalikuwa yameanza vizuri mno. Jioni hiyo Dedan alikuwa akifundisha somo la majaribio katika darasa la watu wazima, na mwalimu mkuu, Johnson, alikuwa ameketi nyuma akimpima. Akiridhika, Dedan angeajiriwa. Asiporidhika, angerudi kubeba mapipa ya rangi kiwandani, kazi aliyoichukia kutoka moyoni. Mwenye akili angechagua somo jepesi. Yeye alichagua alilolipenda: molekuli bapa zenye pete za kaboni.

"Zinaitwa za manukato," alieleza, "ingawa nyingine zinanuka kama mafuta ya taa. Lakini hazisubiri askari wa kuzipanga foleni. Zinajipanga zenyewe, uso kwa mgongo."

Kila mwanafunzi akawa molekuli. Mwaka huo unga ulikuwa adimu, na watu wa Eastlands walikuwa wamehitimu foleni. Kufumba na kufumbua, mistari miwili ilikuwa imenyooka na mwanafunzi mmoja, Okoth, tayari analalamika kwamba kuna mtu kamruka. Johnson akatabasamu.

"Sasa pembeni kuna haidrojeni, inayoshikanisha mstari na mstari. Shika mkono wa jirani yako!"

Wakashikana wote, isipokuwa Nahashon, fundi wa reli, na Mama Rispa, muuza mboga.

"Mwalimu, huyu ndiye mama mzazi wa Nerima, mke wangu," Nahashon alisema akitazama sakafu. "Kwetu mkwe hashikwi mkono."

"Hata serikali ikisema," Mama Rispa aliongeza.

Dedan, mtu wa Murang'a, hakuwa na habari ya mila hiyo.

"Hiyo kemistri yako imekwama, mwalimu," Okoth alisema, na nyuma Johnson akatoa kalamu.

Dedan aliyaona mapipa yakimsubiri. Kisha akaruka. "Nimekosea mimi! Molekuli zenyewe hazigusani. Haidrojeni ndiyo hukaa katikati!" Akachomoa kitambaa chake mfukoni. "Nahashon, haidrojeni hii ni yako. Mama, wewe unaivuta tu."

Mama Rispa alikikagua kitambaa kama nyanya ya juzi, kisha akashika ncha.

"Vizuri," Johnson alisema. "Na zinaachanaje?"

Hilo Dedan hakuwa amelitayarisha. "Kwa... joto," alibahatisha.

Papo hapo Mbeti, aliyekuwa na zamu ya chai, akaingia na birika linalofuka moshi. Mistari ikasambaratika, kila mtu mbio kutafuta kikombe. Johnson alicheka mpaka akashika mbavu.

"Utaanza Jumatatu," alisema.

Machozi ya furaha yakamlengalenga Dedan. Akapapasa mfuko, hakuna kitu. Katikati ya ukumbi Nahashon na Mama Rispa walikuwa bado wamesimama, kila mmoja na kikombe alicholetewa mkono huu, ncha ya kitambaa mkono ule, maana nani angethubutu kuwa wa kwanza kumwachia mkwe?

"Nerima hajambo?"

"Hajambo, mama. Anakusalimu sana."

Dedan akajifuta macho kwa mkono wa shati.