Mluzi wa Juu ya Paa

Siku walipokata mti wa njia panda, fundi cherehani alishuka ngazi na mkasi mkononi, na kama jirani asingemdaka kiunoni, leo tungekuwa tunasimulia mengine. Wakata miti walikuwa wanatoa nafasi ya kupanua barabara. Kwamba juu ya mti kulikuwa na kiota cha mwewe hawakujali; waliuangusha na kiota chake, kisha wakakaa juu ya gogo kunywa soda. Makinda wawili walikufa palepale. Wa tatu aliokotwa na mwenye duka la pembeni, ambaye kwa huruma zake alikuwa anamsokomeza mkate uliolowekwa kwenye maziwa.

"Huyo anakula nyama!" fundi alimfokea. "Uliona wapi mwewe anakunywa maziwa? Unataka kumuua kwa huruma?"

"Basi mchukue wewe, mama. Mimi nilitaka kusaidia tu."

"Kila mtu anataka kusaidia tu," alisema, akamkunja kinda ndani ya aproni yake na kuondoka naye.

Hakuwa ndege wake wa kwanza. Pale kwenye ghorofa walimwita Daktari wa Kunguru, na walimcheka waziwazi, lakini yeyote aliyeona ndege kajigonga kwenye kioo au kanaswa na waya alijua mlango wa kugonga. Wagonjwa wake aliwaweka juu ya paa, katika banda la nyavu kati ya matangi ya maji. Na huko juu sheria ilikuwa moja. Anayepanda kulisha avae kinyago, mfuko wa kitambaa cha pazia wenye matundu mawili ya macho, na afunge mdomo. Hakuna kubembeleza, hakuna kuita, hakuna kupapasa.

Sheria hiyo ilitokana na kunguru aliyemlea zamani kwa maneno matamu. Kunguru yule aliwaamini watu, na watu wakamfunga kamba mguuni, wakamweka kwenye baa na kumnywesha bia ili wapate kucheka. Fundi alipokwenda kumchukua alikuwa ameshakufa. Tangu hapo alikuwa akisema, "Ndege wa porini akishamzoea mtu keshakufa, ni vile hajaambiwa tu."

Majirani walipomwona akipanda na kinyago walipiga kelele, "Jambazi huyoo, kaja kuiba maji!" Hakuwajibu. Angewajibu vipi, na mdomo alishaufunga?

Kazi ya kumlisha mwewe mchana alimwachia mumewe. Mzee yule alikuwa fundi magari mpaka karakana ilipofungwa, na kuanzia hapo siku zake zikawa ndefu. Watoto wameshaoa na kuolewa, na mke hainui kichwa kwenye cherehani mpaka jua lizame. Kwa hiyo kila mchana alitwaa bakuli la vipande vya nyama, kinyago na koleo, akapanda. Alikuwa anakawia huko, na akirudi uso umemchangamka. Fundi aliona jua na kazi vinamfaa mume wake, akafurahi. Baadaye alipokumbuka furaha ile alitaka kujipiga makofi.

Mwewe alikua. Manyoya yalikamilika, akawa anadaka nyama hewani bila kukosa. Asubuhi moja walipanda wote wawili na vinyago vyao, wakafungua banda. Mwewe alitoka, akaruka mpaka juu ya tangi, akatazama huku na huku. Kisha alijiachia, akazama chini ya ukingo wa paa, na fundi akakimbilia ukingoni, halafu akamwona anapanda, anapanda, mbawa zimetanda. Alilia ndani ya kile kitambaa na hakuona haya.

Kule barabarani mjenzi mmoja alimwita mwenzake kwa mluzi mrefu.

Mwewe aligeuka. Alikunja mbawa, akashuka moja kwa moja, akatua begani kwa mjenzi. Mjenzi alihisi kucha zinamwingia nyamani, akapiga ukelele, akamtwanga kwa sepetu.

"Mbona kashuka?" fundi aliuliza. "Mbona kamshukia mtu?" Akamgeukia mumewe. Mzee alikuwa ameshavua kinyago, na uso wake ulikuwa umejibu kila kitu.

"Ulimpigia mluzi."

"Mama watoto, nisikilize..."

"Ulimpigia mluzi!"

"Kidogo tu. Alikuwa ananiitikia." Alikuwa anakikunja kinyago mikononi. "Siku nzima sina wa kusema naye. Wewe una cherehani yako."

Hasira ya fundi ilizidi. Alikitupa kinyago, akashuka ngazi mbiombio huku akimtukana mume, wajenzi, barabara na aliyebuni mluzi.

Mwewe alikuwa amejiburura chini ya lori la mchanga, bawa moja limelegea. Watu walishamzunguka na fimbo na mawe. Mjenzi alishika bega lake linalovuja damu, akilalamika, na haki ya kulalamika alikuwa nayo. Dereva alitaka kuondoka.

"Ukiwasha gari nalala mbele ya tairi!" fundi alimwambia. Alijitupa kifudifudi, akanyoosha mkono. Mwewe aliuona uso wake, uso mtupu ambao hakuwahi kuuona, akajisukuma nyuma zaidi mpaka akagusa tairi. Kila alipomkaribia, ndege alirudi nyuma.

Akainuka, vumbi mpaka kwenye kope, akamgeukia mumewe aliyekuwa ameshuka nyuma yake.

"Mwite."

"Unasemaje?" mzee aliuliza.

"Si ulimfundisha wewe? Basi mwite!"

Mzee alipiga magoti. Mara ya kwanza ulitoka upepo mtupu. Alilamba midomo, akajaribu tena, na mluzi ukatoka. Mwewe alitokeza kichwa. Kisha akaja akijikokota kwenye vumbi, bawa likichora mstari nyuma yake, akapanda mapajani mwa yule mzee na kutulia.

Bawa lilikuwa limesagika kwenye kiungo. Fundi alilifunga vizuri, huku akijua hata likipona litapona limepinda, na mwewe hataruka tena.

"Nisamehe," mumewe alisema.

"Usiniombe mimi. Muombe huyu. Na utamuomba kila siku, maana utamlisha mpaka mmoja wenu afe."

Jioni alikata nyama mwenyewe, kwa hasira, akaikata vipande vidogo kuliko ilivyohitajika. Alipanda mpaka juu, akakiokota kinyago pale alipokitupa, akataka kukivaa. Mkono ukasita. Cha nini tena? Alikitia mfukoni, akaingia bandani uso wazi, akachuchumaa na bakuli lake.

Mwewe alijibana pembeni na hakuigusa nyama. Alikuwa anautazama mlango nyuma ya fundi, anasubiri aitwe.