Jumamosi ya Mtihani wa Kemia

Hakuna mwalimu wa shule ile ya bondeni, kule juu kabisa kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, ambako ng'ambo ya mto ni Kanada na wazee bado wanagombana kwa Kifaransa, aliyekuwa na shaka na kichwa cha Noelle Daigle. Kemia kwake ilikuwa mchezo. Kilichomnyima raha mwaka wake wa mwisho ni kutojua kama watu wa nje ya bonde wangemwona hivyohivyo.

Chuo alichokitaka kilikuwa Massachusetts. Katika maelezo yao waliandika kwamba mitihani ya masomo, ile ambayo mwanafunzi huchagua somo lake na kulifanyia mtihani wa peke yake, si ya lazima, ila wanaipendekeza. Noelle aliyasoma maneno hayo hadi yakamchosha, kisha akaenda nayo kwa Bi. Haskell, mshauri wa wanafunzi.

"Hiari ni hiari, Noelle," alisema Bi. Haskell huku akipapasa mezani kutafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. "Wangeitaka wangesema ni lazima."

"Lakini wanasema wanapendekeza."

"Hata mimi napendekeza watu wale mboga. Nani ananisikiliza? Tangu nimekaa ofisi hii sijaona mtoto wa hapa akiifanya mitihani hiyo."

"Na umeona mtoto wa hapa akichukuliwa na chuo hicho?"

Bi. Haskell aliigundua miwani yake, akaishusha machoni na kumtazama msichana. "Hapana, mwanangu," alisema. "Hilo nalo sijaliona."

Kirby Theriault, kijana aliyekaa nyuma yake darasani na asiyejua kunyamaza, alikuwa na maoni mengine. "We, usidanganyike. Binamu yangu anasoma shule ya kulipia kule Connecticut. Darasa lao zima wanaifanya, tena mtu mmoja mitihani mitatu. Hiyo hiari wametuwekea sisi washamba tulale." Yeye alikwisha kujiandikisha kwa fizikia. Mtihani ulikuwa Bangor, mwendo wa saa kadhaa kusini, Jumamosi ya kwanza ya Novemba. "Kwenye gari nafasi ipo. Ukichelewa kuamua nampa Gagnon, na unajua miguu yake inavyonuka."

Noelle akajiandikisha kimyakimya. Alitaka awaambie wa nyumbani atakapokuwa na hakika, maana nyumbani kwao siku hizo hapakuwa na nafasi ya habari nyingine. Baba yake, Reynald, aliyefanya kazi kiwanda cha karatasi maisha yake yote, moyo ulikuwa umemchoka. Miguu ilimvimba, na kutoka kitandani hadi jikoni alipumzika njiani. Daktari alimwambia mama, Gisèle, kwamba mgonjwa akiuona msimu wa kupanda viazi, mwezi wa Mei, washukuru. Mama akamwambia Noelle wakiwa ndani ya gari nje ya duka, injini ikiunguruma, kisha wakaingia kununua maziwa.

Katikati ya wiki ya mtihani, Reynald aliamka na nafuu. Alikula ploi mbili, zile chapati laini za watu wa bonde, kwa siagi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kiangazi, akajifuta mdomo.

"Noelle, Jumamosi tunaenda msituni."

Mama aligeuka kutoka kwenye jiko. "Reynald, wewe kupanda ngazi tu huwezi."

"Kulungu hakai ngazini." Akamgeukia binti yake. Tangu Noelle akiwa mtoto waliwinda pamoja kila Novemba. Siku za wiki kulikuwa na shule, na Jumapili sheria ya Maine hairuhusu kuwinda, kwa hiyo Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yao. "Wewe utabeba bunduki, mimi nitabeba sifa. Au una shughuli?"

Uso wake ulikuwa na rangi siku hiyo. Noelle aliutazama, na maneno yote aliyokuwa ameyaandaa kuhusu Bangor yakamkauka mdomoni.

"Sina shughuli, Baba," alisema.

Aliwaza kwamba mtihani ungekuwepo tena Desemba. Aliwaza pia kwamba Bi. Haskell ni mtu mzima na anaijua kazi yake. Ijumaa alimpigia Kirby simu.

"Siendi."

"Unaumwa?"

"Siendi tu, Kirby. Mpe Gagnon nafasi."

"Acha ujinga, Noelle. Wewe ndiye mwenye akili hapa, sisi wengine tunasindikiza."

Alikata simu kabla hajaanza kulia.

Hawakufika mbali siku hiyo. Waliliacha gari ukingoni mwa msitu, wakavaa vizibao vyao vya rangi ya machungwa, na kabla ya kuipita misonobari ya kwanza Reynald alikuwa amekaa juu ya gogo, akihema kama aliyepanda mlima. Alimwambia aende mbele peke yake. Noelle akakataa, akaketi naye. Walikunywa kahawa ya chupa, wakala mkate na nyama. Baba alimsimulia jinsi babu yake alivyomkosa kulungu aliyesimama mbele yake kama ng'ombe, akacheka hadi akakohoa. Kisha akalala, kichwa begani kwa binti yake, na Noelle hakutikisika mpaka mkono ukafa ganzi. Hawakumwona kulungu hata mmoja. Ilikuwa siku nzuri, na uzuri wake ndio uliokuja kumtesa baadaye, kwa sababu hakuweza hata kuijutia kwa moyo mmoja.

Nafuu ile haikudumu. Wiki iliyofuata Reynald alilazwa hospitali, akakaa huko hadi mapambo ya Krismasi yakawekwa madirishani. Siku za kujiandikisha kwa mtihani wa Desemba zilipita Noelle akiwa kwenye kiti cha wodini, na alipokuja kukumbuka, muda ulikuwa umekwisha zamani. Akatuma maombi yake bila mtihani. Alijiambia kwamba hiari ni hiari.

Jibu lilikuja mwishoni mwa Machi. Walisema wanasikitika, kwamba waombaji walikuwa wengi na wenye uwezo mkubwa. Baba alikuwa amerudi nyumbani kulala kwenye kitanda kilichowekwa sebuleni, na mashine ya oksijeni ikinguruma pembeni.

"Basi wao ndio waliokosa," alisema Reynald. "Hawajui kuchagua."

Noelle alitabasamu, akamrekebishia mto. Angeweza kubaki na siri yake hapo, nayo ingezikwa. Lakini Jumapili Kirby alikuja na sufuria ya mchuzi wa kuku kutoka kwa mama yake, akasimama jikoni na buti zake zenye matope. Yeye alikuwa amepata chuo kingine huko New York, na hakujua pa kuificha furaha yake.

"Inaniuma, Noelle," alisema, na sauti yake haikuwahi kuwa ya chini. "Ungekuja Bangor ile Novemba ungewaonyesha. Kemia ungeipasua. Nasikia siku ile mlikwenda kuwinda. Kweli mlipata hata sungura?"

Sebuleni, juu ya mngurumo wa ile mashine, kitanda kikalia.

Kirby alipoondoka, Reynald alimwita. Alikuwa amejiinua kwa viwiko, midomo imembadilika rangi.

"Ule mtihani ulikuwa Jumamosi ile?"

"Ulikuwa wa hiari, Baba."

"Nimekuuliza siku."

"Ndiyo. Jumamosi ile."

"Nilikuuliza kama una shughuli. Mezani pale. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa twende."

"Ningekataa, ndiyo!" Alijaribu kupaza sauti, ikavunjika. "Mimi ni baba yako. Kukataa ndiyo kazi niliyobaki nayo. Umeninyang'anya hata hiyo. Sasa nife nikijua kwamba nilikaa juu ya gogo, nikalala, na wewe..." Hakumaliza. Mama alikuja mbio na dawa.

Kesho yake Noelle alipiga simu chuoni. Hakutaka kulalamika. Alitaka mtu amwambie kwamba mtihani ule haukuwa na uzito wowote, ili akamwambie baba. Mwanamke aliyepokea alikuwa mwema, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mpenzi," alisema. "Haturuhusiwi kuzungumzia ombi la mtu mmoja mmoja."

"Sitaki mnibadilishie jibu. Nataka kujua tu kama ule mtihani ungenisaidia."

"Hata mimi sijui, mpenzi. Kweli sijui."

Noelle aliingia sebuleni, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Nimewapigia," alisema. "Wamesema mtihani haukuhusika. Hata ningeufanya wasingenichukua."

Reynald alimtazama usoni. Alimlea mwenyewe, akamfundisha kusoma nyayo kwenye theluji, na uso wake aliujua kuliko nyayo zozote. Akamshika mkono, akaubonyeza kidogo, kisha akageukia ukutani. Hakusema kwamba anamwamini. Tangu siku hiyo walizungumza kuhusu dawa, maji, na dirisha lifunguliwe au lifungwe.

Alikufa Aprili, barabara zikiwa matope matupu, siku ambayo Noelle alikuwa shuleni. Mazishini watu walimsifu kwa kumtunza baba yake, na Bi. Haskell alimkumbatia na kumwambia kwamba chuo kidogo cha karibu bado kinapokea wanafunzi. Noelle alimshukuru.

Jioni, wageni walipokwisha kutawanyika, mama alikaa mezani akiwa bado na koti lake jeusi.

"Septemba utafanya nini, mwanangu?" aliuliza.

Noelle alikuwa akiosha vyombo vya watu walioleta chakula, akivitenga kwa majina yaliyobandikwa chini ili vikarudishwe. Aliendelea kuosha. Baadaye mama akainuka, akachukua kitambaa, akaanza kufuta vilivyooshwa.