Majiliwa Mawili ya Kifaransa

Zamani zile mdogo wangu wa kike alitaka kazi ya mapokezi hotelini. Akifaulu usaili wa Kifaransa, angehamia huko huko hotelini, mji mwingine. Akifeli, angerudi kuuza dukani kwa shangazi, na shangazi alikuwa na mdomo.

Mimi Kifaransa sijui. Niliacha shule darasa la sita, baba alipougua, nikashika randa. Lakini kila jioni alikuja karakanani, akakalia rundo la mbao, akasoma daftari kwa sauti huku mimi napiga msasa. Kilichomshinda ni kukanusha. Wafaransa hukanusha kwa maneno mawili, moja mbele ya kitenzi, jingine nyuma, na yeye la nyuma alilisahau kila mara.

"Sema la mbele tu, watajijazia," nilimwambia.

"Kaka, wewe na Kifaransa wapi na wapi?"

Nikaacha utani, nikamwonyesha ubao niliokuwa nimeubana kwenye meza kwa majiliwa mawili. "Kitenzi chako ndio huu ubao. Hapa *ne*, hapa *pas*. Ukikaza jiliwa moja, ubao unacheza."

Alicheka mpaka vumbi likampalia. Kisha akaanza kubana hewa kwa viganja: *ne* kushoto, *pas* kulia. Halafu akawa anabadilisha la kulia: *jamais*, yaani kamwe, *rien*, hakuna kitu, *plus*, si tena. Akitaja la kushoto, mimi naitikia la kulia. Tulipiga kelele hadi fundi viatu wa jirani akauliza ni kesi gani hiyo tunayoikana kila siku.

Kwenye usaili, mkuu wa mapokezi alijifanya mgeni mkali anayedai chumba. Mdogo wangu akajisahau, mikono ikapanda: "*Nous n'avons plus de chambre.*" Hatuna chumba tena.

"Na hiyo mikono?"

"Nimefundishwa na kaka yangu. Ni seremala."

Walicheka, wakampa kazi.

Jumapili nilimbebea sanduku hadi stendi.

"Utanikumbuka, kaka?"

"Nikumbuke kelele zako? Panda gari, utaachwa."

Jumatatu nilikata mlango wa kabati la mteja ukawa mfupi vidole vinne. Kosa hilo sikuwa nimelifanya tangu nianze kazi. Nikakaa juu ya lile rundo la mbao, sikugusa msumeno tena mpaka kesho yake.