Mlezi wa Mbithe

Jumamosi ya kwanza ya Februari, familia za Sungura Skauti zilikusanyika kwenye uwanja wa shule, nje kidogo ya soko la Mbumbuni, kukausha maembe. Akina baba walitandaza vyandarua juu ya vichanja, akina mama wakakaa kwenye mikeka na visu vyao, na watoto wakawa wanabeba vipande kwa beseni, wakila vingi kuliko walivyofikisha. Mwalimu Gedion, kiongozi wao, alipuliza filimbi kila alipokosa la kufanya. Kaluki alikaa na Hasina, mwenye duka la vitambaa, wakimenya na kupiga soga. Mbithe, binti wa Kaluki, alifika jua likiwa limeanza kuuma, akanawa mikono kwa sabuni kama walivyofundishwa, akakaa kando ya mama yake. Alikuwa amekufa tangu Agosti.

"Kaa vizuri, mwanangu," Hasina akamwambia, akasogea. Kisha akalivuta beseni lake mbali kidogo, maana Mbithe alikuwa akidondosha mchanga kila alipofungua mdomo, na embe lenye mchanga halina mwenyewe.

Kikundi hicho hakikuwa na likizo. Mvua za masika zikija, familia zilipanda miti. Oktoba zilipanda ndengu kwenye shamba la shule. Desemba zilibeba kuni hadi kwa wazee wasio na watu. Mzazi aliyemleta mtoto skauti ili yeye apate kulala Jumamosi aligundua mapema kwamba amejiandikisha mwenyewe. Na kila Agosti kulikuwa na siku ya mto, ambapo wakubwa kwa wadogo walibeba mawe kujenga bwawa la mchanga, ule ukuta unaokatiza mto mkavu ili mvua ikipita iache mchanga, na mchanga uweke maji tumboni hadi kiangazi.

Siku ya mto ndiyo iliyomchukua Mbithe. Alikuwa ametumwa na wenzake kuokota mawe madogo juu ya mto, pale ambapo malori ya Mzee Musyimi yalikuwa yakichota mchanga uleule ambao familia zilikuwa zikiukinga. Wachimbaji walikuwa wameacha shimo lenye kina kumzidi mtu mzima, ukingo wake ukining'inia hewani, na hakuna aliyeweka hata tawi la miiba kuwazuia watu. Ukingo ukamporomokea. Lori la Musyimi ndilo lililompeleka mochari, na mazishini Musyimi alitoa hotuba ndefu juu ya mapenzi ya Mungu. Yeye ndiye mlezi wa kikundi. Mahema ni yake, sufuria ni zake, na soda za kila sherehe hutoka kwake. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza shimo lilikuwa la nani, ingawa hata kuku wa pale sokoni walijua.

Mbithe alirudi Oktoba, siku ya kupanda ndengu. Alisimama kwenye mstari mahali pake pa zamani, na Mwalimu Gedion akamkabidhi jembe dogo. Pasta akaongeza jina lake katika maombi ya walio safarini. Tatizo lilikuwa mdomo tu. Kila alipoufungua, mchanga ulimwagika, safi, wenye chembe za kumetameta, na fundi yeyote angekwambia umetoka juu ya mto, pale malori yanapopakia. Zamani alikuwa msemaji kupita kiasi. Ilikuwa "mwaitu" hivi na "mwaitu" vile kutwa nzima, akimwita mama kwa Kikamba, mpaka Kaluki anamwomba ayapumzishe masikio ya mama yake. Sasa Kaluki alilikosa neno hilo.

Familia zilipofunga kazi na kwenda zao, Mbithe alishika njia ya mtoni peke yake. Mwalimu Gedion alieleza sababu bila kuficha. Mtoto alikufa kabla ya kusema ahadi, kwa hivyo hana skafu. Asiye na skafu ni mgeni, na mgeni huja siku za shughuli tu. Akipata skafu atakuwa mwanakikundi, na mwanakikundi huondoka na familia yake.

"Sasa ataapishwa lini, Mwalimu?" Kaluki aliuliza siku hiyo ya maembe.

"Usiseme kuapishwa, Mama Mbithe. Hapa kwetu kiapo ni kitu ingine, kuna maboma zimeisha juu ya kiapo. Sema ahadi." Akatazama mchanga uliokuwa ukilundikana mkekani. "Na ahadi ni ya mdomo. Mtoto akishindwa, sheria inasema mzazi ama mlezi amsemee. Si wewe uko? Sema wewe tumalize hii maneno."

Kaluki alikata embe mpaka kisu kikagonga kokwa.

"Umesema mzazi ama mlezi."

"Ndio."

"Na mlezi si tuko naye? Kila mwezi tunasimama kumpigia makofi, mlezi wetu, mlezi wetu. Basi amsemee."

"Mlezi wa kikundi si mlezi wa mtoto, mama."

"Ni neno moja, Mwalimu. Si mimi nililiweka."

Gedion alipuliza filimbi, ingawa hakuna mtoto aliyekuwa amekosea. "Lakini ujue, mwenye kumsemea ndiye familia. Ndiye ataenda na yeye."

"Nimesikia."

Alipoondoka, Hasina aliweka kisu chini. "Dada Kaluki, usicheze na hiyo. Mtoto ni wako. Msemee aje nyumbani leo hii."

Kaluki alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake, na usiku mwingi alikuwa amezilalia. Katika ahadi kuna kusema kweli. Musyimi angesimama mbele ya watu wote, mkono begani mwa mtoto ambaye mdomo wake unamwaga mchanga wa shimo lake, aseme nitasema kweli. Ulimi ungemkwama. Angesema shimo lilikuwa langu, nisameheni, na kwa aibu angemrudisha mtoto mikononi mwa mama yake. Kaluki alimtaka binti yake. Alilitaka pia lile neno kutoka kwa Musyimi, na hakuona kwa nini akose kimoja.

"Sitaki aje nyumbani kimyakimya kama mtu ameiba," akamwambia Hasina.

Sherehe ya ahadi ilifanywa likizo ya Aprili, miti ilipokwisha kupandwa. Musyimi alikuja na kreti za soda na suti ya kijivu. Alipoelezwa aliloombwa, hakutikisika.

"Hata ni heshima kubwa kwangu," akasema.

Akasimama kando ya Mbithe, akamwekea mkono begani. Kaluki alikuwa safu ya mbele, amevaa viatu vya kanisani. Musyimi akaahidi, kwa niaba ya mtoto, kumtumikia Mungu na nchi, kuwasaidia watu na kusema kweli kila siku. Sauti yake ni ya mtu aliyezoea kusoma neno kanisani. Hakukwama popote. Alipomaliza, Kaluki alisubiri. Mtoto wa mtu alipiga chafya. Musyimi akatoa kitambaa, akainama, akafuta mchanga uliokuwa umeangukia viatu vyake.

Watu wakapiga makofi. Ni ahadi, na ilikuwa imesemwa vizuri.

Hasina, aliyezishona skafu zote, ndiye aliyemfunga Mbithe ya kwake, na alichelewa kulikaza fundo kuliko kawaida. Mbithe akakohoa. Mchanga wa mwisho ukatoka, kiasi cha kujaa kiganja, na mdomo ukawa mtupu. Kaluki akafungua mikono.

"Asante, mlezi," Mbithe akamwambia Musyimi. Sauti ilikuwa ileile, nyembamba, yenye haraka.

Soda zilipoisha, Musyimi alimfungulia Mbithe mlango wa gari, naye akapanda. Mwalimu Gedion alitazama bendera. Kaluki alilifuata gari hadi kwenye lango la shule, akaligonga ubavuni, na Musyimi akashusha kioo kumwambia kwamba asiwe na wasiwasi, mtoto atasoma. Kisha Kaluki alikaa chini palepale langoni, akalia kwa sauti, na akina mama wakamzunguka na leso zao mpaka akamaliza.

Tangu siku hiyo Mbithe anaishi kwa Musyimi. Ana kitanda chake na sare mpya. Shule zikifungwa hukaa mbele kwenye lori, pamoja na dereva, akiwaonyesha wachimbaji mahali penye mchanga mzuri, maana hakuna anayelijua tumbo la mto ule kama yeye. Musyimi anasema ni mtoto wa baraka. Mashimo yameongezeka, na hayana miiba bado.

Agosti iliporudi, familia zilishuka mtoni kubeba mawe kama kila mwaka. Kaluki alikwenda. Wengine walidhani asingeenda, lakini angemwona wapi pengine? Lori lilipofika, Mbithe aliruka chini, skafu imenyooka, nywele zimesukwa. Kaluki aliikagua kwa mbali mistari ile, akaona imesukwa na mtu anayejua kazi, na jambo hilo lilimchoma kuliko yote.

Mbithe alipita akiwasalimu wakubwa mmoja mmoja, kama skauti wanavyofundishwa. Akamfikia Kaluki, akampa mkono. Ulikuwa mkavu na wa vuguvugu.

"Habari ya asubuhi, Mama Mbithe," akasema.

"Nzuri," Kaluki akajibu.

Mbithe akainama, akaokota jiwe, akauliza aliweke wapi, na Kaluki akamwonyesha.