Maji ya Kuoshea Nyanya

Kila asubuhi nilikuwa nafungua koki, nawasha kiberiti, na moto wa gesi ya taka unashika kabla njiti haijaniunguza vidole. Asubuhi hiyo ulikohoa mara mbili, ukazimika. Birika likabaki baridi.

Nilitoka uani nikafunua mtambo niliouunda mwenyewe nilipomaliza chuo: pipa kubwa jeusi, nusu yake imezikwa ardhini, tunamotia maganda, ugali uliolala na matumbo ya samaki wa ziwani, migebuka. Harufu iliyonipokea haikuwa ile niliyoizoea. Ilikuwa chachu, kama pumzi ya mgonjwa.

Nilijua nimelilisha nini. Tangu mvua zianze, nyanya alizoletewa jirani yangu Bi Kuruthumu kutoka Kalinzi zilifika Ujiji zikiwa na utando wa dawa ya ukungu, ile yenye shaba. Nilimsaidia kuziosha kabla hajazipeleka sokoni, na kwa kuona uchungu kumwaga maji, nikayatia kwenye pipa.

“Humo kila kitu kinaoza, hata dawa,” nilimwambia, nikijiona msomi.

Dawa nyingine huvunjika mle gizani pasipo hewa, tena kwa kusuasua. Shaba haivunjiki. Ikizidi, huua vijidudu vinavyotoa gesi, kisha hutulia kwenye tope. Nilifundishwa hayo. Niliyaandika daftarini, nikafaulu mtihani, nikayaacha hukohuko darasani. Na kila Ijumaa nilimjazia Bi Kuruthumu ndoo ya tope hilo, nikammwagia kwenye tuta lake kurutubisha mchicha.

“Hodi, mwalimu wa uchafu!”

Alikuwa ameshaingia, ndoo mkononi.

“Shikamoo, Bi Kuruthumu.”

“Marahaba. Mbona chai hainukii leo? Au umepata mchumba, akili haiko jikoni?”

“Moto umegoma.”

“Utawaka tu. Nijazie, Leonia. Binti yangu Asia, zahanati wamemwambia damu bado ndogo, na mimba ndiyo hiyo ya miezi saba. Namlisha mchicha mchana na usiku. Majani mapana hivi! Nawaambia watu, tope la Leonia hilo.”

Nilipokea ndoo. Sifa ile iliniingia kama mwiba. Kwa wiki tatu nzima nilikuwa nimelimwagia tuta lake shaba kwa mikono yangu.

“Tope... halijaiva,” nilisema. “Labda wiki ijayo.”

“La Ijumaa iliyopita liliiva, la leo bichi?” Alicheka, kisha akaacha kucheka. “We mtoto, ukificha neno unatazama miguu yako. Kuna nini?”

Ningeweza kusema pipa limepasuka. Angeniamini, angeniletea na fundi. Na jioni Asia angeketi mkekani, sahani mapajani.

Niliinua uso.

“Bi Kuruthumu, Asia asile tena mchicha ule. Nilikwambia dawa inaoza humu. Si kweli. Shaba imebaki, na mimi ndiye niliyeimwaga kwenye tuta lako. Sijui imepanda kiasi gani kwenye majani. Sijui. Lakini asile.”